Nesi wa chumba cha moyo anajikingaje na mionzi?

BintMkunazini: Asalam aleikum wenzangu, mie nesi hapa Unguja, karibuni napelekwa Dar kujifunza kathlabu, kule wanakozibua mishipa ya moyo wakiangalia kwa eksrei, sasa bibi kashaanza kunambia ntakosa watoto na mie na mume wangu tunataka mtoto mwakani inshaallah. Aproni ya ledi, yaani madini ya risasi, peke yake yatosha? Na nesi husimama wapi?

EksreiWete: Waalaikum salaam dada. Mionzi mingi inayokupata inatoka kwa mgonjwa, inampiga halafu inatawanyika, kama jua linavyopiga maji likakurudia usoni. Kwa hiyo daktari akikanyaga pedeli ya kuwasha eksrei wewe rudi nyuma, ukitoka mita 1 ukafika mita 2 inabaki kama robo tu. Kama kuna dawa ya kumpa mgonjwa mwambie daktari aachie pedeli kwanza, usione haya hata kama ni profesa. Aproni ya nusu milimita inazuia zaidi ya asilimia 90 lakini nyengine mgongo wazi, usimgeuzie mgonjwa mgongo. Na itundike, ukiikunja ledi inapasuka ndani kwa nje huoni kitu.

MamaSalha: Macho jamani!! Mtoto wa jicho huja pole pole, ndo maana 2011 ICRP, ile tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, walishusha kiwango cha macho kutoka milisiveti (kipimo cha mionzi) 150 kwa mwaka mpaka wastani wa 20. Vaa miwani ya ledi na kola ya shingo. Na kile kioo cha kukinga mionzi kinachoning'inia darini kishusheni, watu wanakisukuma pembeni eti kinawabana, inaniuma sana.

Kuhusu mtoto, mtoe hofu bibi, mionzi ya kuua kizazi ni mikubwa mno, mfanyakazi anayejikinga hafiki huko. Ila ukijua tu una mimba mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, usingoje tumbo, maana kutoka hapo mtoto hatakiwi kuzidi milisiveti 1 mpaka ujifungue.

BintMkunazini: Ahsanteni mno. Na beji ya kupimia ntapewa au nnunue?

EksreiWete: Mwajiri ndo anatoa, Tume ya Nguvu za Atomiki wanazisoma. Ukipata mbili, moja ndani ya aproni nyengine kwenye kola kwa nje, usiazime ya mtu, na majibu yakirudi uliza yako ni ngapi. Hujapewa, usiingie, waambie wazi.