Kuovakloki kadi ya grafiki na prosesa kwa mara ya kwanza: nianze na kipi, niongeze kiasi gani?

Kasi_Kidogo
Wakuu, habari zenu. Nina kadi ya RTX 3060 ya GB 12, prosesa Ryzen 5 5600 kwenye ubao mama wa B550, na feni ya prosesa ni ile iliyokuja kwenye boksi lake. Sijawahi kugusa mipangilio ya kuovakloki (kukiendesha kifaa kwa kasi kuliko ya kiwandani). Ninayoyasoma yanapingana: huyu anasema ongeza 200 ucheze, yule anasema volti zitaunguza kila kitu. Naomba hatua zenyewe, na nitajuaje nimefika mwisho kabla hakijaharibika kitu?

MezaYaFundi
Anza na kadi, mkuu. Mabadiliko yake hufanyika ndani ya Windows, na yakikataa unawasha kompyuta upya yanafutika, ilimradi hujaiambia programu iyarudishe kila inapowaka.

Weka MSI Afterburner (ya kubadili kasi ya kadi) na HWiNFO (ya kusoma joto na kasi). Kabla ya kugusa chochote, endesha Unigine Superposition (kipimo kinachoipa kadi kazi nzito na kutoa alama) mara 3, uandike alama, kasi ya kiini (chipu kuu ya kadi) na nyuzi joto. Bila namba hizo utakuwa unabahatisha tu.

Kisha sukuma "Power Limit" hadi mwisho wake. Hapo huiongezei kadi volti, unairuhusu tu kula wati zaidi (3060 ya kawaida imepangiwa 170). Sasa "Core Clock", kasi ya kiini: ongeza MHz 25, endesha kipimo, ongeza 25 tena. 3060 nyingi hugoma mahali fulani kati ya +100 na +150. Dalili zake ni gemu kujifunga lenyewe, au skrini kuwa nyeusi sekunde chache kisha kurudi, maana yake Windows imeiwasha draiva upya. Ukifika hapo rudi nyuma 30 na ubaki hapo.

Kumbukumbu ya kadi ndiyo inayowanasa wengi. Rudisha kiini kwenye sifuri kwanza, halafu panda kwa 100 kwenye "Memory Clock". GDDR6, aina ya kumbukumbu ya kadi yako, ina uwezo wa kugundua data iliyoharibika njiani na kuituma tena, kwa hiyo ukizidisha haigandi wala haionyeshi vidoti vya rangi mara moja. Inapunguza kasi kimyakimya. Ukiona +900 imeleta alama chache kuliko +700, kadi inafanya kazi ileile mara mbili. Kwa hiyo usitafute mahali inapoganda, tafuta mahali alama zinapoacha kupanda. Mwisho unganisha viwili hivyo na upime tena kwa saa nzima, maana kila kimoja kinaweza kuwa imara peke yake na visielewane vikiwa pamoja.

Baridi_Kwanza
Naongezea kwa wenye kasha finyu la kompyuta lisilopitisha hewa: kusukuma "Power Limit" juu hakutawasaidia, kwa sababu kadi hizi hupunguza kasi zenyewe kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda. Bonyeza Ctrl na F ndani ya Afterburner, mchoro wa volti na kasi utafunguka. Shika nukta ya 900 mV, ipandishe hadi 1800 MHz, na nukta zote za kulia kwake zilaze usawa huo huo. Kadi itakula wati chache, feni zitapungua kelele, na mara nyingi hutaona tofauti ndani ya gemu.

NyuziTisini
Upande wa prosesa: usiweke kasi moja kwa viini vyote. Ndiyo, 100 MHz mara 46 ni 4600 MHz, lakini joto hufuata mraba wa volti. Kutoka volti 1.20 hadi 1.30 tayari ni kama 17% zaidi, kabla hujahesabu kasi yenyewe. Kwa feni ya boksi utagonga nyuzi 90 ambazo 5600 haivuki, na itajipunguza kasi.

Njia nzuri ni kuipunguzia volti ili ipande yenyewe. Ndani ya BIOS (mipangilio ya ubao mama, hufunguliwa kabla ya Windows) tafuta Precision Boost Overdrive, kisha Curve Optimizer (sehemu ya kupunguza volti), chagua viini vyote, alama ya kutoa, weka 10. Kila hatua moja ni takriban mV 3 hadi 5. Ikitulia, ongeza 5.

Cinebench, kipimo cha kuipa prosesa kazi nzito, haitoshi kuthibitisha. Kosa la aina hii hujitokeza kompyuta ikiwa karibu haina kazi, pale kiini kimoja kinaporuka kwenye kasi yake ya juu kabisa kwa volti zilizopunguzwa. Tumia CoreCycler, inajaribu kiini kimoja kimoja. Iache usiku kucha. Kisha fungua Event Viewer ya Windows utafute WHEA-Logger (rekodi za makosa ya vifaa). Kukiwa na hata kosa moja, badili mpangilio wa viini vyote uwe wa kiini kimoja kimoja, legeza kilichotajwa, vingine viache.

Kasi_Kidogo
Nashukuru sana wakuu. RAM yangu nimeiwashia XMP (mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi iliyotangazwa na mtengenezaji), je hilo lina madhara? Na BIOS ikikataa kuwaka kabisa?

MezaYaFundi
XMP nayo ni kuovakloki. Ipitishe MemTest86 (programu ya kupima RAM) kabla ya yote haya, la sivyo utailaumu prosesa kwa kosa la RAM, na RAM mbovu huharibu mafaili bila kukuambia.

Kuhusu BIOS, kwanza hifadhi ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski) nje ya kompyuta hiyo. Mabadiliko ya BIOS yanaweza kufanya Windows iudai. Isipowaka: zima, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10, kisha gusisha kwa bisibisi sekunde 10 pini mbili za CLR_CMOS kwenye ubao mama (za kufuta mipangilio ya BIOS). Kama huzioni, toa betri ya CR2032 kwa dakika 5. Ikiwashwa mara ya kwanza skrini inaweza kubaki nyeusi dakika moja au mbili huku RAM ikipimwa. Usiizime hapo, isubiri.