Nimeambiwa nikarushe tiara! Mbele ya watu! Kisa nimeuliza darasa liko wapi

Rubani_Mtarajiwa: Wakuu, salamu baadaye, nina hasira mpaka simu imejichaji yenyewe.

Mnawajua wale. Wale wa kozi ya nadharia ya urubani kwa masafa, ya leseni ya Ulaya, wenye tangazo la kijana kavaa miwani myeusi kasimama mbele ya ndege ambayo hata si yao. Leo walikuwa na kikao cha Zoom kwa tunaotaka kujiunga. Mimi hapa Chumbageni nimenyoa, nimevaa shati jeupe, mama nimemwomba asiwashe blenda. Zamu yangu ikafika, nikauliza kwa adabu zote: zile siku za lazima za kukaa darasani, darasa lenyewe liko wapi, na viza tunajitafutia?

Jamaa akasema, "Wewe wa Tanga, si ukarushe tiara tu?"

Tiara! Kuna mmoja kipaza sauti chake kiko wazi, akacheka mpaka mama akaja mbio kuuliza nani kafa. Na swali hakujibu! Kaendelea na slaidi zake, "masomo 13, unasoma umejilaza nyumbani". Umejilaza! Hali ya hewa, sheria za anga, utendaji wa ndege, kila mtihani unatakiwa 75 kwa mia, halafu umejilaza. Ada yao unanunua ngalawa, tanga lake na nahodha wake. Hayo yote ningeyameza. Lakini tiara, jamani. Tiara!

Chuo gani kingine? Asiye na jibu apite.

KinuMchi: Kwani tiara yenyewe unajua kurusha? Anzia hapo.

MwanaMkonge: Kapteni, leo upepo vipi Raskazone?

Mzee_wa_Rada: Mkuu, huyo kakukwepa. Kozi ya ATPL, yaani leseni ya rubani wa mashirika ya ndege, ile ya moduli (unasoma kwa hatua), kwa utaratibu wa EASA, wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, ni saa 650 kwa mwenye leseni ya urubani binafsi, na ukisoma kwa masafa, angalau asilimia 10 ya muda lazima ukae darasani mwenyewe, mwili na roho. Saa 65 hizo. Anayekuambia kila kitu ni mtandaoni, kimbia. Na ukianza mitihani, una miezi 18 ya kuimaliza yote. Halafu leseni ya Ulaya haikurushi ndege zenye usajili wa hapa mpaka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, waikubali, kwa hiyo anzia kwao. Na kapime afya ya urubani, ile ya cheti cha daraja la kwanza, kabla hujalipa hata senti. Watu wanalipa ada ndiyo wanagundua macho.

Rubani_Mtarajiwa: Asante mkuu. Lakini tiara kweli?

Shangazi_Ngamiani: Pole mwanangu. Mimi nilisoma ushonaji mtandaoni, mwalimu akatoweka tulipofika kwenye kola. Mpaka leo nashona magauni yasiyo na kola.

MwanaMkonge: Kumbe shangazi! Nikadhani ni fasheni.

KinuMchi: Bora nyie hata mtandao mnao. Huku Mabawa umeme ukirudi tunapiga vigelegele, watoto wanadhani kuna harusi.

Abiria_Sugu: Mnalilia ndege, mimi basi tu limenishinda. Juzi nimeshuka Segera kuchimba dawa, narudi limeondoka na begi langu na kuku wangu. Konda ananipigia, eti kuku anakula nini.

Shangazi_Ngamiani: Basi gani hilo?

Abiria_Sugu: Mnalijua.

Shangazi_Ngamiani: Lenye kiti cha mbele kinachomlalia abiria wa nyuma?

Abiria_Sugu: Hilohilo!

KinuMchi: Hao! Godoro langu walilishusha Muheza, mimi mwenyewe naenda Kange.

Rubani_Mtarajiwa: Jamani, nilikuwa naulizia chuo.

MwanaMkonge: Subiri kwanza, kapteni. Abiria, kuku ulimpata?

Abiria_Sugu: Alifika Kange kabla yangu. Nimeambiwa anadaiwa nauli.