Jua liliyachoma mahindi, sasa mvua haikatiki: sumukuvu inaanzia wapi?

MkulimaBweyale: Wakuu, naombeni ushauri. Niko Bweyale, Kiryandongo, hapa Uganda. Mwezi wa tano jua lilikuwa kali mahindi yakitoa ndevu. Sasa ni mwezi wa saba, yamekomaa, na kila jioni inanyesha. Mnunuzi wa Busia, mpakani na Kenya, anataka kipimo cha sumukuvu, ile sumu inayotolewa na kuvu, kabla ya kupakia. Niyaache shambani mpaka mvua ipungue?

Kinyara_2: Usiyaache! Fukusi na ndege wakishatoboa hindi, maji yanaingia. Vuna, menya, anika juu ya turubai. Kuvu wenyewe wanaishi kwenye udongo, sasa wewe ukianika chini unawakaribisha.

MamaPosho: Shida ni mvua tu. Jua tangu lini likaleta ukungu?

BwanaShamba_UG: Mama, hapo sikubaliani nawe. Kuvu wanaotoa aflatoksini, sumukuvu anayoiogopa mnunuzi, huitwa Aspergillus flavus na hupenda joto na ukame. Mmea wenye kiu hushindwa kujikinga, wao wanapenya kupitia ndevu. Kwa hiyo mahindi ya ndugu yetu huenda yameambukizwa tangu mwezi wa tano, na mvua ya sasa inawanenepesha tu. Mvua nyingi wakati wa kutoa ndevu huleta kuvu wengine, Fusarium, wenye sumu zao. Mnunuzi naye msimlaumu: kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu hiyo hiyo. Wenzetu wa Kenya walizika watu 125 waliouawa na sumu hiyo mwaka 2004, wengi Makueni na Kitui.

MamaPosho: Haya, nimekubali. Lakini posho, yaani ugali, ikiiva vizuri si sumu inakufa?

BwanaShamba_UG: Haifi, joto la jikoni haliiwezi. Chambua punje zilizooza na zilizovunjika, kisha koboa, maana sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Pumba zake usimpe ng'ombe wa maziwa, utaikuta kwenye chai.

MkulimaBweyale: Nimeelewa, navuna. Kipima unyevu sina, nitajuaje yamekauka?

Kinyara_2: Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, ila sokoni wanataka 13.5, kwa hiyo ongeza siku za jua. Na usiku yafunike, umande ni maji pia.

BwanaShamba_UG: Kipande cha shamba kilichochomwa zaidi na jua kivune peke yake, magunia yake uyaweke kando. Hicho ndicho cha kupima kwanza.