Vidonge vya Baba

*Jumatatu usiku*

Rehema: Hamjambo wote. Majibu ya biopsi ya figo (kile kipande walichokata kupima) yametoka. Baba ana vaskulitisi, ile ya ANCA (kingamwili zinazozigeukia seli nyeupe za mwili wenyewe). Daktari kasema ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inamkohoza damu. Ugonjwa ni mmoja, umempiga huku na huku.

Salim: Kwa hiyo haikuwa nimonia?

Rehema: Haikuwa. Antibiotiki mara tatu, zote za bure.

Shangazi Amina: Poleni wanangu. Vasku nini hiyo? Nielezeni kwa lugha ya mtu mzima.

Zainab: Mama, ni kinga ya mwili wa kaka yako imemgeuka. Seli nyeupe zilizopaswa kupigana na vijidudu zinashambulia kuta za mishipa midogo ya damu. Figo na mapafu vimejaa mishipa hiyo. Kwenye figo vichujio vinachanika, damu na protini zinavujia kwenye mkojo. Kwenye mapafu damu inamwagikia kwenye vifuko vya hewa. Ndiyo maana kikohozi cha damu, na mkojo wenye povu kama maji ya sabuni.

Mama: Tena rangi ya maji ya kutu. Niliuona mwezi mzima, nikawa namwambia anywe maji tu.

Zainab: Mama Rehema, usijilaumu hata kidogo. Huku wodini tunawapokea waliozungushwa miezi. Rehema, kreatinini ngapi, ile taka ya damu inayopanda figo zikilegea?

Rehema: Wiki tatu nyuma 140. Leo 390.

Zainab: Basi wasichelewe hata siku. Ugonjwa huu unakula figo kwa wiki, si kwa miaka.

Rehema: Kesho asubuhi anaanza dripu ya steroidi kali, siku 3 mfululizo. Halafu vidonge vya prednisoloni, nayo ni steroidi. Alhamisi saiklofosfamaidi.

Mjomba Juma: Hiyo si dawa ya kansa?

Zainab: Ndiyo Mjomba, ila dozi yake huku ni ndogo kuliko ya kansa. Kazi yake hapa ni kuzizima hizo seli zilizochachamaa.

Shangazi Amina: Yaani mtu hoi kitandani, halafu mnamuondolea na kinga aliyobaki nayo? Zainab mwanangu, hiyo akili ya wapi?

Zainab: Mama, hiyo kinga ndiyo inayomuua. Zamani, kabla ya dawa hizi, wengi wa wagonjwa wa namna hii hawakuumaliza mwaka. Miaka ya 1970 kule Marekani Anthony Fauci na mwenzake Sheldon Wolff wakaanza kuwapa saiklofosfamaidi pamoja na steroidi, na watu waliokuwa wa kufa wakasimama. Fauci huyohuyo mliyemzoea kwenye televisheni wakati wa korona.

Salim: Kumbe mzee ana historia ndefu 😅

Mjomba Juma: Mimi nimesoma kuna mashine ya kutoa plazma, yale maji ya damu, na kuweka nyingine. Mbona shemeji hawajampa? Au ni mambo ya kubana gharama?

Zainab: Swali zuri, na hata madaktari walibishana nalo miaka. Ukaja utafiti mkubwa, PEXIVAS, wagonjwa 704, ukatoka 2020. Nusu walibadilishiwa plazma, nusu hapana. Waliokufa au kupoteza figo kabisa hawakupishana kwa kiasi cha kutosha kusema mashine imesaidia. Bado inatumika kwa wachache, hasa yule ambaye mwili wake unatengeneza pia kingamwili za kushambulia utando wa vichujio vya figo (wanaziita anti-GBM). Baba alipimwa, hana.

Zainab: Na utafiti huohuo ndio umemwokoa kwenye vidonge. Waliopunguziwa steroidi haraka walifanya vizuri sawa na wale wa dozi ndefu, na maambukizi makali wakapata machache. Kwa hiyo mkiona prednisoloni inashuka kila wiki msidhani daktari amesahau.

Salim: Na ile dawa nyingine ya kuzima kinga, rituksimabu? Kila ninaposoma wanaisifia hiyo.

Zainab: Inastahili. Utafiti wa 2010, wagonjwa 197, ilionekana haizidiwi na saiklofosfamaidi. Lakini soma vizuri nani walichukuliwa: mwenye kreatinini ya kupita 354 aliachwa nje. Baba ana 390. Ndiyo maana daktari wake ameanza na ile ya kizee. Rituksimabu atakutana nayo mbele, ikifika zamu ya kulinda ugonjwa usirudi.

Rehema: Kanieleza hivyohivyo. Amechukua na damu ya kupima homa ya ini aina B mapema, kasema rituksimabu inaweza kuiamsha iliyolala.

Mama: Mimi nataka kujua kitu kimoja. Atatumia mashine ya kusafisha damu?

Zainab: Bado anakojoa, potasiamu haijapanda. Tusubiri. Hata anayeingia kwenye mashine kwa ugonjwa huu, wapo wanaotoka baada ya miezi michache figo zikiamka.

*Alhamisi*

Rehema: Dripu ya kwanza ya saiklofosfamaidi imeisha saa 9 alasiri. Hajatapika. Sasa kazi yetu ni maji na choo. Anatakiwa kukojoa mara kwa mara mpaka kesho, hata usiku anaamshwa. Dawa ikituama kibofuni inakichubua mpaka kinatoa damu.

Rehema: Anakwenda chooni na nguzo yake ya dripu, anaisukuma kama mtu anayemsindikiza mgeni asiyempenda.

Salim: 😂😂 Wamesema inaharibu na uzazi. Mzee kaambiwa?

Mama: Salim, nyamaza.

Zainab: Kwa kijana hilo si la mzaha, tunazungumza naye kabla ya dripu ya kwanza. Rehema, dripu tatu za mwanzo ni kila wiki 2, zinazofuata kila wiki 3. Na hakikisha amepewa kotrimoksazoli. Si kwamba ana maambukizi, ni kumkinga na nimonia moja mbaya inayowavizia walioshushwa kinga.

Rehema: Amepewa, kipimo kimepunguzwa kwa ajili ya figo.

Mjomba Juma: Nakuja kumwona Jumamosi. Nimletee zile diklofenaki za goti?

Zainab: Hapana Mjomba! Diklofenaki, ibuprofeni, zote za ukoo huo, zisimkaribie. Figo zake hazina ziada ya kupoteza.

Mjomba Juma: Basi nitakuja mikono mitupu.

*Wiki ya 4, saa 8 usiku*

Rehema: Kuna aliye macho? Baba ana joto 38.2. Anatetemeka kidogo, anasema ni baridi tu, tungoje kuche.

Zainab: Nipo. Dripu ya pili ilikuwa lini?

Rehema: Siku 11 zilizopita.

Zainab: Mpeleke sasa hivi. Siku ya 10 mpaka ya 14 ndipo seli nyeupe zinakuwa chini kabisa. Usimpe ya kushusha homa ukakaa kumsikilizia. Ukifika mlangoni sema maneno haya: "yuko kwenye saiklofosfamaidi na ana homa." Usianze na hadithi ya baridi.

Rehema: Tumeshatoka.

Shangazi Amina: Nimeamka. Niko nanyi.

Salim: Mmefika?

Salim: Rehema?

Rehema: Tumefika. Nimesema kama ulivyosema, hawakutuweka foleni. Antibiotiki ya mshipa imeanza. Seli nyeupe 1.9.

Zainab: Ziko chini sana. Dripu ya tatu itasogezwa mbele na dozi itapunguzwa. Si kushindwa huko, ndivyo dawa hii inavyoendeshwa, kwa usukani na breki.

*Wiki ya 6*

Salim: [picha] Jamani Baba kanenepa! Mashavu hayo!

Shangazi Amina: Mashallah kaka yangu, amepona.

Zainab: Hajanenepa Mama, ni steroidi. Uso unakuwa mviringo, utarudi dozi ikishuka. Sukari mnampima?

Rehema: Ilipanda 13, sasa 8. Kinachotushinda ni usingizi. Saa 9 usiku yuko sebuleni anapanga karatasi za mwaka juzi.

Zainab: Vidonge vyote ameze asubuhi. Akimeza jioni atapanga mpaka karatasi za majirani.

*Siku mbili baadaye*

Mama: Nimepata jambo. Nilikuwa nasafisha meza, nikafungua kasha lake la miwani. Miwani hamna. Mna vidonge vidogo vyeupe, nimevihesabu, 9.

Rehema: Vya mg 5?

Mama: Ndiyo.

Rehema: Anameza 3 kwa siku. Ni siku tatu hizo. Na jana alipata kizunguzungu akashika ukuta, tukasema ni uchovu.

Zainab: Mama Rehema, hilo ndilo jibu la kizunguzungu. Mtu akikaa wiki kadhaa kwenye prednisoloni, tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni ya mwili inayofanana nayo, zimelala. Ukiikata dawa ghafla mwili unabaki bila kitu, presha inaanguka. Mpigieni daktari sasa, asije akajifidia vyote 9 kwa mkupuo mmoja. Na mkojo upimwe leo, tujue kama ugonjwa haujarudi mlangoni.

Mjomba Juma: Shemeji naye! Mtu mzima!

Mama: Nimemuuliza. Amesema, "Damu imekoma kifuani, na yule kwenye kioo simjui."

Rehema: 😔

Zainab: Usimkaripie. Wanaoacha kimyakimya ni wengi, na wengi ni kwa ajili ya uso. Mwambie ukweli kwa namba: sasa ni mg 15, anashuka kwa ngazi, mwezi wa tano wa matibabu atakuwa kwenye 5. Mashavu yatashuka naye.

Rehema: Daktari kasema arudie 15 leo, asifidie, kesho aonekane kliniki. Presha 98 kwa 60.

*Mwezi wa 4 wa matibabu*

Rehema: Majibu ya leo: kreatinini 170. Mkojo hauna damu, protini imebaki kidogo. Picha ya kifua safi. Daktari kaandika "ugonjwa umetulia."

Shangazi Amina: Mungu mkubwa! Kwa hiyo amepona?

Zainab: Ametulia, Mama. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi, hasa kwa wenye PR3 (aina mojawapo ya hizo kingamwili za ANCA) kama yeye. Sasa ndiyo anaingia kwenye rituksimabu ya kulinda, mg 500, na baadaye kila miezi 6, angalau miaka 2. Kuna utafiti wa Ufaransa wa 2014, wagonjwa 115, waliolindwa hivyo walirudiwa kidogo kuliko wa azathiaprini, dawa nyingine ya kulinda.

Salim: Na hiyo 170 itarudi 80?

Zainab: Sidhani. Kichujio kilichochanika kinaweka kovu, na kovu halichuji. Tulinde kilichopo: presha, chumvi, vipimo vya kila mwezi. Na mkojo wa povu au damu puani msikae nao wiki.

Salim: Chanjo?

Zainab: Za mafua na nimonia apate kabla ya rituksimabu, baada yake mwili hauitiki vizuri. Zenye virusi hai asipewe.

Baba: Nimesoma yote. Mnanijadili kama gari bovu.

Salim: Baba! Shikamoo! Nani kakuingiza humu?

Baba: Marahaba. Mama yenu. Leo nimemeza, kasha la miwani lina miwani. Mwambieni aache kunikagua chini ya ulimi.

Mama: Siachi.