Nimeuziwa hita ya maji ya "kubana umeme" Darajani, imeniyeyushia waya. Hiyo asilimia 34 mmeitoa wapi?

Asalaam aleikum wadau. Nina hasira, na asije mtu kuniambia nipoe.

Bi mkubwa kaja kutoka Mkoani, Pemba, kukaa nami Fuoni, Unguja, kipupwe hiki. Miguu inamsumbua, na maji ya simtanki ya asubuhi anasema yanamwingia mifupani. Nikenda Darajani. Nilikuwa nimeshakata shauri: hita ya tangi, lita 30, ile ya kutundika ukutani. Muuzaji akanicheka. "Hizo za kizamani mzee, zinakula umeme kutwa. Chukua hii ya papo kwa papo, haina tangi, inaokoa asilimia 34." Kilowati 5.5, laki na thelathini. Hakuniuliza nyumba yangu ina waya gani. Hakuniuliza simtanki liko juu kiasi gani. Alichouliza ni kama nalipa taslimu au kwa simu.

Fundi kanipa yeye mwenyewe. Akaifunga, tukafungua maji: baridi vile vile. Simtanki langu liko mita moja na nusu tu juu ya shawa. Kimo cha mita 10 ndicho kinachotoa baa 1 ya presha ya maji, sasa mimi pale nina 0.15, maji hayana nguvu ya kusukuma swichi ya kuiwasha iliyomo ndani. Dawa ya fundi? "Nunua pampu." Yaani kifaa cha kubana umeme kinataka kifaa chengine cha umeme ndiyo kiende! Na mimi, mjinga, nikanunua.

Ikawaka. Siku ya tatu breka ikaanza kujizima. Fundi akaja, akatoa breka ya ampia 20, akatia ya 32, akaondoka zake. Waya uleule wa milimita 2.5 za mraba, kaunganisha kutoka soketi ya mashine ya kufulia! Kilowati 5.5 kwenye volti 230 ni ampia 24 hivi. Breka ndogo ilikuwa inapiga kelele ya haki, yeye akaiziba mdomo. Jumamosi baada ya magharibi nikasikia harufu ya plastiki, waya umeshalainika ndani ya ukuta. Na bi mkubwa alipogusa koki akapigwa shoti. Kidogo, alhamdulillahi. Nikafungua kile kifuniko: waya wa eathi kaukunja akauacha pembeni, haukufungwa popote. Hapo ndipo nilipotaka kulia.

Jirani yangu fundi umeme akaja na mita yake. Jioni, hita ikiwashwa, volti 182. Akanambia kwa volti hizo ile 5.5 yangu inabaki 3.4 hivi, ndiyo maana bi mkubwa akisema jioni maji ni vuguvugu. Na kama naitaka kweli, nivute waya wa 6 peke yake kutoka men swichi, na eathi ya uhakika, na swichi ya kukata umeme unapovuja. Hesabu yake sitaki hata kuiandika hapa.

Sasa hiyo asilimia 34. Nimeitafuta mpaka nikaiona. Ni ya Wizara ya Nishati ya Marekani: nyumba inayotumia maji ya moto galoni 41 au chini kwa siku, kama lita 155, hita isiyo na tangi inaweza kuizidi ya tangi kwa ufanisi wa asilimia 24 hadi 34. Lakini kule tangi linaachwa linawaka usiku na mchana, joto likivuja linapashwa tena, hata watu wakiwa kazini. Nani hapa Unguja anafanya hivyo, na Tukuza, mita yetu ya kulipia kabla, tunaichungulia kila saa kuhesabu yuniti? Unawasha ukienda kuswali alfajiri, ukirudi unazima, watu wanaoga.

Nimepiga hesabu mwenyewe. Lita 30 kutoka nyuzi 26 mpaka 60 ni yuniti 1.2. Ukichanganya na ya baridi unapata zaidi ya lita 70 za nyuzi 40, tunaoga sote watatu. Ile ya papo kwa papo kupasha lita hizo hizo kutoka 26 mpaka 40? Yuniti 1.2 hizo hizo! Maji hayajui yamepashwa na nini. Tofauti ni lile joto linalovuja tu, na ukizima mapema halivuji la maana. Tena tangi la kilowati 1.5 linavuta ampia 6.5, waya wangu ungelibeba bila kujua, na linakubali maji ya kushuka yenyewe bila pampu. Volti zikianguka linachelewa tu.

Sisemi ya papo kwa papo haina kazi. Mwenye nyumba ya wageni Paje, watu wanaingia saa yoyote, waya mzito, maji yana nguvu, inamfaa. Chokaa ya maji yetu ya visima itazitafuna zote mbili, hilo nalijua.

Nimerudi dukani. "Imeshafungwa, hairudi." Breka niliyotiwa? "Hayo ya fundi." Na fundi kanipa nani?

Nataka kujua mawili. Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa kwa kesi kama hii, na alianzia wapi? Na tangi la lita 30 lenye thamostati inayozima kweli, nani analo na limemaliza mwaka? Fundi asiye na mita mkononi asinitumie ujumbe.

Pampu naiuza, haijamaliza mwezi.