Aqua imegoma kuwaka hapa Tabora, fundi anasema betri kubwa imekufa. Naombeni ushauri

Nesi wa Ipuli:

Mwangaluka wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina Toyota Aqua ya 2013, ile ya mafuta na umeme. Naishi Ipuli. Nilikuwa Urambo wiki kadhaa namuuguza mama, gari likabaki nyumbani chini ya mwembe. Niliporudi, nikikanyaga breki na kubonyeza kitufe, taa za dashibodi zinawaka kwa kufifia, zinachezacheza, nasikia tik-tik-tik, halafu kimya. Neno READY, lile la kuonyesha gari liko tayari kwenda, halitokei kabisa.

Nikamwita fundi mmoja wa hapa mjini. Hakupima chochote. Akasema betri kubwa imekwisha, nijiandae na mamilioni au nilipandishe gari kwenye lori hadi Dar. Wakati siku naondoka lilikuwa zima, halina hata taa moja ya onyo.

Mafundi wa haibridi huku ni wa kutafuta kwa tochi. Je, kuna vitu naweza kukagua mwenyewe nyumbani bila kuhatarisha maisha? Umeme wa hili gari nauogopa kweli. Gari ndilo linanipeleka zamu za usiku.

Spana 17:

Pole na kuuguza, dada. Usitoe hata shilingi kwanza. Dalili ulizoeleza ni za betri ndogo.

Gari lako lina betri mbili. Kubwa ni ya volti 144, ndiyo inayozungusha injini na kusukuma gari. Ndogo ni ya volti 12 kama za magari mengine, ila yenyewe haipigi starta. Kazi yake ni kuamsha kompyuta na kuvuta relei, yaani swichi za umeme, zinazoiunganisha ile kubwa. Ikiishiwa, kubwa inaweza kuwa imejaa pomoni na gari likabaki kama limekufa. Na gari likikaa tu, alamu na kompyuta zinaendelea kuinyonya taratibu.

Azima mita ya umeme kwa fundi redio yeyote. Fungua boneti, fungua kasha la fyuzi, utaona kifuniko chekundu. Chini yake kuna chuma kilichowekwa kwa ajili ya kubusti, yaani kuliwasha gari kwa umeme wa gari lingine. Waya mwekundu wa mita hapo, mweusi kwenye chuma kisicho na rangi. Ukipata 12.5 hivi, betri iko vizuri. Chini ya 12, imeishiwa au imechoka.

Ikiwa chini, libusti kwa gari lingine la volti 12, likiwaka pima tena hapo hapo. Inatakiwa isome karibu na 14, maana yake betri kubwa inaichaji ndogo. READY ikitokea na hakuna taa ya onyo ya pembetatu nyekundu, huna sababu ya kuzungumzia betri kubwa leo. Ila wewe usikubali kubusti gari la mtu kwa Aqua yako, hata awe jirani mwema vipi. Unaweza kuunguza mfumo unaochaji hiyo betri ndogo.

Usalama sasa. Waya nene za rangi ya chungwa usiguse, usivute, usimruhusu mtu azikate. Na kabla hujaingiza mkono kwenye injini, zima gari kabisa na funguo iache ndani ya nyumba. Gari likiwa READY injini inaweza kujiwasha yenyewe wakati vidole vyako viko kwenye feni.

Mama Kanyenye:

Naunga mkono. Naongeza kitu ambacho kwa Tabora ndicho kinaua betri kubwa kabla ya wakati: vumbi.

Betri kubwa inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Pembeni chini ya siti ya nyuma kuna tundu lenye vijipenyo. Piga tochi uangalie. La kwangu nililikuta limevaa utando mzito wa vumbi, nywele za watoto na maganda ya karanga, hewa haipiti kabisa. Matoleo mengine yana chujio dogo pale, mengine hayana, kwa hiyo uchafu unakwenda moja kwa moja kwenye feni. Safisha kwa brashi laini ya rangi na mashine ya kufyonza vumbi. Usipulize kwa kompresa kuelekea ndani, utausukuma uchafu kwenye betri yenyewe. Kiangazi mimi nakagua kila mwezi.

Na msiweke magunia wala nguo kuziba lile tundu. Watu wanabeba asali na mpunga siti ya nyuma, wanaziba, halafu jua la Septemba na Oktoba linafanya kazi yake. Betri hizi za nikeli hazipendi joto hata kidogo.

Dereva wa Kaliua:

Mimi ningemshauri pia abadili oili aweke nzito, 20W-50. Huku kwetu joto, ile nyepesi inakimbia.

Bonde la Igombe:

Hapana mkuu, hapo naomba tupingane kwa heshima. Injini ya Aqua imetengenezewa oili nyepesi, 0W-20. Injini ya haibridi inazima na kuwaka mara nyingi ndani ya safari moja, na kila ikiwaka oili inatakiwa ifike juu haraka. Mafundi wanaiona kama maji, lakini ndivyo ilivyokusudiwa. Afadhali akague kipimo mara kwa mara: gari kwenye tambarare, limezimwa dakika chache, futa kijiti, chovya tena, soma.

Dada Nesi, wakati uko hapo angalia na chupa ya kulanti (maji ya kupoza) ya inveta, kile kifaa kinachopeleka umeme wa betri kubwa kwenye mota. Ni tofauti na ile ya injini, watu wengi wanajaza moja na kusahau nyingine. Kiwango kiwe kati ya alama mbili. Usiongeze maji ya bomba wala kuchanganya rangi. Kwa gari lako tafuta ile ya pinki inayokubalika kwa Toyota.

Breki zinakula pedi taratibu kwa sababu mota inasaidia kupunguza mwendo. Lakini hilo linawafanya watu wasiziangalie kabisa, na pini zake zinaganda kwa vumbi. Kila tairi likifunguliwa, mwambie fundi azitoe, azisafishe, azipake grisi yake.

Upepo wa tairi fuata karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Kijana wa Cheyo:

Ukiweza nunua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu kwa bluetooth. Kinasoma makosa. Fundi akisema betri kubwa imekufa, mwambie akuonyeshe kosa. P0A80 ndiyo inayohusu betri kubwa kuchoka. Bila kusoma kosa ni kubahatisha kwa pesa yako.

Kwa wenye Nissan Leaf, lile la umeme mtupu, mnaosoma humu: hesabuni kwenye dashibodi vijimstari vya afya ya betri, gari jipya lina 12. Na mkichaji nyumbani, baada ya nusu saa gusa plagi ukutani. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoa mkono, acha kuchaji, mwite fundi umeme abadili soketi na akague waya wa ethi. Ekstensheni za dukani msizitumie kabisa.

Nesi wa Ipuli:

Wakuu, Mungu awabariki. Nimepima mbele ya yule yule fundi: 11.2. Jirani akanibusti na Noah yake, READY ikatokea, mita ikasoma 14.1. Hakuna taa ya onyo. Lile tundu la siti ya nyuma nimelisafisha, limetoa vumbi la kujaza kopo.

Sasa maswali mawili. Nikinunua betri ndogo mpya, yoyote ya volti 12 inafaa? Na Urambo nitarudi, mama hajapona. Gari niliacheje?

Spana 17:

Pole ya mama, tunamwombea.

Yoyote haifai. Betri hiyo iko chini ya siti ya nyuma, ndani mnamokaa watu, kwa hiyo lazima iwe ya aina iliyofungwa yenye kimrija cha kutolea gesi nje. Ya kawaida itawavutisha hewa mbaya humo ndani. Soma namba iliyo juu ya ya zamani, nyingi za Aqua zimeandikwa S34B20R. Duka likikosa, agiza Mwanza au Dar ije na basi, usikubali "hii nayo inaingia". Wakifunga, hakikisha kimrija kimerudishwa mahali pake.

Ukisafiri, mwachie mtu unayemwamini funguo. Kila wiki aliwashe hadi READY, aliache kwenye P kwa nusu saa. Asiweke N, kwenye N betri kubwa haichajiwi. Afanyie nje, siyo ndani ya banda lililofungwa, maana injini itawaka yenyewe na kutoa moshi. Na akiwa hapo afungue boneti aangalie kama panya wameanza kujenga, hasa kama mna ghala la mahindi karibu.