Anayeuza watoto wa mbwa kwenye boksi hapa Mwanza: "kwani unaoa?" ndilo jibu gani?

Wakuu, salamu baadaye. Mnamjua. Yule wa boksi na bodaboda, kila asubuhi status imejaa picha za German Shepherd. Mteja anauliza kwa adabu, "naomba nimwone mama yao," anajibiwa mbele za watu: "Kwani unaoa? Unamtafuta mama mkwe?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko mpaka Ukerewe wakasikia.

Kwani unaoa! Na laki 3 anaitaka.

Mfugaji wa kweli anakuonyesha mama kabla hujaomba. Unaangalia chuchu kama kweli ananyonyesha, unaangalia wanapolala, unaangalia tabia yake, maana mama mwoga au mkali ovyo watoto humfuata. Huyu hana wa kukuonyesha kwa sababu kawalangua, tena wachanga. "Wiki 8 hao." Mfungue mmoja mdomo: meno ya mbele ndiyo kwanza yanachomoza, magego hakuna. Hiyo ni wiki 4! Huyo bado ananyonya, na bado hajajifunza kwa ndugu zake kwamba kuuma sana kunaumiza. Tumbo limewamba kama ngoma huku mbavu zinahesabika: minyoo. Dawa huanza wiki ya 2 na hurudiwa kila baada ya wiki 2.

Halafu kadi. "Kachanjwa zote." Zote zipi? Chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu, huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kwa sababu kinga aliyoinyonya kwa mama huizima chanjo ya mapema. Kadi ya kueleweka ina stika ya chupa yenye namba ya toleo, tarehe na muhuri wa daktari wa mifugo. Yake ina peni ya bluu, tarehe zote mwandiko mmoja, wino mmoja. Ukihoji: kwani unaoa?

KWANI UNAOA!

Sangara Mbichi: Hahahaa jamaa kakuweza. Mahari umeshapeleka?

Mfugaji Buswelu: Cheka tu. Boksi lile halioshwi, na kirusi cha parvo hukaa ardhini hata mwaka. Sabuni haikiui. Jiki sehemu 1 kwa maji 30, iache dakika 10. Dalili hutoka siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, ndiyo maana kwenye boksi anaruka ruka, akifika kwako anaharisha damu na muuzaji hapokei simu.

Bi Nyegezi: Afadhali nyie wa mbwa. Wa paka anauza "Kiajemi", kumbe paka wa soko la samaki Mwaloni kaogeshwa shampuu. Kiajemi uso ni bapa tangu mdogo! Na kitoto cha wiki 5 anakwambia kipe maziwa ya ng'ombe. Kitaharisha hicho, tumbo lake haliyawezi. Mfugaji mzuri wa paka hamtoi mtoto kabla ya wiki 12.

Jogoo la Igoma: Mbwa na paka mnakula? Njooni kwenye vifaranga. Unalipia mitetea ya mayai, unaletewa majogoo boksi zima. Chotara wa mayai wa kahawia hujulikana siku ya kwanza: jike kahawia, dume njano au jeupe. Mwangaza tu, hata darubini haihitajiki!

Mwanzisha uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mtu kaambiwa KWANI UNAOA.

Sangara Mbichi: Tumesikia, shemeji. Jogoo, hao madume tukiwafuga kwa nyama je?

Jogoo la Igoma: Watakula chakula chako bure. Kuku wa nyama wiki 6 yuko sokoni, dume la jamii ya mayai wakati huo bado ni mifupa.

Bi Nyegezi: Na dagaa wa kuchanganya kwenye chakula nichukue wapi wasio na mchanga?

Mfugaji Buswelu: Chukua waliokaushwa kwenye vichanja. Waliotandazwa chini unanunua ufukwe kwa kilo.

Bi Nyegezi: Yule mama wa dagaa naye namfungulia uzi wake sasa hivi.